Sahihi Arobaini Nyuma ya Waraka

Kwa wale mliofungia viatu gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, nawasamehe, na nawapa habari kwa kifupi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Shuleni waliniita Askofu, kwa sababu ya sauti yangu ya ibada na moyo wangu usio na ibada. Nimefukuzwa shule kwa kubandika ubaoni tangazo la kufunga shule wiki mbili kabla ya wakati, lenye sahihi ya mkuu wa shule ambayo niliiandika mimi mwenyewe kwa uchaji mkubwa. Nusu ya bweni walishapanda basi kabla mkuu wa shule hajamaliza chai yake.

Siku hiyo ya kufukuzwa nilikokota sanduku langu mpaka mahakamani, kwa Shangazi, aliyetulea mimi na kaka yangu. Shangazi ni karani wa masjala, yaani chumba cha mafaili. Nilikuta mahakama imefungwa, inapakwa rangi. Hapakuwa na kesi, hapakuwa na hakimu. Walikuwepo mafundi juu ya ngazi, na Shangazi peke yake ndani, nikamwona dirishani akifunga droo. Nilikaa kwenye benchi kumsubiri, nikainuka na mistari mitatu ya kijani kwenye sketi ya shule. Imegoma kutoka mpaka leo.

Kaka yangu ni fundi wa friji. Karakana ya bosi wake iliungua, na bosi akamnyooshea kidole yeye. Aliposomewa mashtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli, kaka alicheka.

Ukoo wetu ndivyo ulivyo. Tukiogopa, tunacheka. Siku Shangazi alipokwenda kung'olewa jino, alicheka mpaka daktari akaweka koleo chini akaomba radhi.

Lakini hakimu hakuujua ukoo wetu. Aliamuru kaka apelekwe hospitali ya serikali akapimwe akili, na kesi isimame mpaka daktari aje aseme.

Daktari alikuja. Alikuja tena na tena kwa miezi saba, na kila alipokuja alisema, "Ripoti bado kidogo, mheshimiwa." Watu wa mahakamani walimwita Daktari Kesho. Kaka akabaki wodini, nyuma ya mlango unaofungwa kwa nje.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa fungueni masikio.

Jumatatu Shangazi alinipa kazi ya kupanga mafaili, ili nijifunze adabu. Adabu sikuiona. Niliona faili jembamba lililoandikwa "Madai ya Mashahidi Wataalamu", na ndani yake fomu saba, zote za Daktari Kesho, zote kwa kesi ya kaka.

"Shangazi, hizi ni nini?"

"Karatasi."

"Naona ni karatasi. Zinasema nini?"

"Zinasema uzirudishe ulikozitoa."

"Zinasema posho. Huyu si ameajiriwa na serikali? Mshahara hana?"

"Anao. Lakini mtaalamu akiacha wagonjwa akaja kutoa ushahidi, serikali inamlipa siku yake."

"Kila siku?"

"Kila anapokanyaga hapa."

"Hata akija kusema ripoti bado?"

Shangazi alipiga muhuri karatasi moja mara mbili.

"Hata akija kusema ripoti bado," alisema. "Rudisha hilo faili, mwana wa kaka yangu. Si lako."

Nililirudisha. Nilikuwa nimekwishahesabu sahihi saba. Tarehe sikuzisoma, na hilo mtaliona mbele lilivyoniponza.

Wapendwa, nakiri mbele yenu. Nilikaa juu ya kistuli cha masjala nikamtamani Daktari Kesho mabaya yote yaliyomo katika vitabu vyote. Miezi saba! Mtu anakaa nyuma ya komeo kwa sababu mwingine anapenda kuitwa tena. Angemaliza siku ya kwanza, angelipwa mara moja. Asipomaliza, analipwa mpaka astaafu.

Sikutaka apigwe. Sikutaka hata afukuzwe. Nilitaka asubiri. Akae kwenye benchi gumu mbele ya mlango uliofungwa, asijue anasubiri nini, na kila atakayemuuliza amjibu kesho.

Na benchi la namna hiyo nililijua lilipo.

Mwezi uliopita upepo uling'oa paa la mahakama ndogo ya mji wa machimbo, safari ya nusu siku kwa basi. Mafaili yake yote yaliletwa kwetu ndani ya maboksi. Humo mlikuwa na vitabu vya hati za wito, na katika boksi la chini kabisa, muhuri wenyewe na kidau chake cha wino.

Shangazi alipokwenda kula, nilifunga mlango. Nilichukua karatasi moja kwenye trei yake, nikaigeuza upande mweupe, nikajifunza sahihi ya hakimu wa machimbo. Ya kwanza ilionekana kama kamba ya kiatu. Ya kumi ilianza kupumua. Ya arobaini, hata mke wa hakimu angeipikia chakula.

Kisha nikaandika wito. Daktari afike Jumatano, akae siku tatu, kesi ni nzito, posho kamili na malazi juu. Nikapiga muhuri. Karatasi ya mazoezi nikaitupa kwenye kapu, nikaenda kunawa mikono kama mtu mwema.

Jumanne asubuhi niliupeleka wito hospitali mwenyewe, na daftari la kupokelea barua kwapani.

Daktari Kesho ni mtu mnene, mpole, mwenye mkoba wa ngozi na pipi za mnanaa mfukoni. Ningependa kuwaambia ana sura ya fisi, lakini ningekuwa naongeza dhambi.

"Shikamoo, Daktari. Barua yako."

"Marahaba, binti. Umetumwa na nani?"

"Mahakama."

Aliisoma taratibu. Alipofika kwenye siku tatu, nyusi zake zilipanda. Alipofika kwenye malazi, aliniangalia kama vile mimi ni mjomba aliyerudi safari na zawadi.

"Kwani hii mahakama si iling'oka paa?"

Nikacheka. Sikutaka. Kilinitoka tu, kicheko cha ukoo, kifupi, puani.

"Wamelirudisha, Daktari. Bati jipya."

Aliacha kusoma. Aliniangalia mdomo, kisha macho, kisha mdomo tena.

"Unacheka vizuri," alisema. "Nina mgonjwa mmoja anacheka hivyo hivyo. Pipi?"

"Hapana, asante."

Akasaini daftari. Nilitoka nikitembea kwa heshima mpaka kwenye kona, halafu nikaruka juu mara tatu.

Kwa kuwa nilikuwa hapo hapo hospitali, nilipitia wodini kumpelekea kaka habari njema. Muuguzi alinifungulia. Kaka alikuwa amelala chini nyuma ya friji ya dawa, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Askofu! Nipe hiyo bisibisi."

"Kaka, nina habari njema."

"Yangu ni kubwa zaidi. Daktari Kesho kanipima."

"Kakupima nini?"

"Akili, kwani kingine nini? Saa mbili nzima! Kaniuliza mpaka jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Na si mimi peke yangu. Siku tatu kamaliza wodi nzima, watu kumi na mmoja. Yule mzee wa kitanda cha dirishani ana miaka minne humu. Leo kaambiwa ripoti yake tayari, kakaa chini akalia."

"Kimempata nini?"

"Sijui. Labda kaokoka." Alitoa kichwa, na uso wake ulikuwa na vumbi la friji na furaha. "Kanisomea mwenyewe: ana akili timamu, hucheka akiogopa, anaweza kujibu mashtaka. Keshokutwa Alhamisi anaipeleka mahakamani. Kesi inaanza, mdogo wangu. Mashahidi wangu wapo. Natoka!"

"Alhamisi," nilisema.

"Alhamisi hii hii. Na hakimu kasema ni mara ya mwisho. Daktari asipofika, napelekwa hospitali ya gereza kuu, na huko hakuna anayejua mtu anatoka lini. Lakini sasa hofu ya nini? Ripoti ipo!"

Nikacheka.

Kaka aliweka bisibisi chini.

"Askofu," alisema. "Kwa nini unacheka?"

Nilikimbia.

Nilirudi kwa Daktari, ofisi imefungwa. Nilirudi masjala nikihema, nikamkuta Shangazi amesimama katikati ya chumba na karatasi mkononi.

"Nimeutafuta waraka huu tangu asubuhi," alisema. "Nilitakiwa niubandike ubaoni jana. Nimeukuta kwenye kapu. Soma."

Nikasoma. Kuanzia mwezi huu, mtaalamu wa afya ya akili aliyeajiriwa na serikali hatalipwa tena posho kwa kila siku anayofika mahakamani. Atalipwa mara moja tu, siku ripoti yake itakapopokelewa kama kielelezo.

Kumbe hakuokoka. Hospitalini waraka ulifika kabla ya kwetu, malipo yake yakabadilika, na mtu wa kesho akageuka kuwa mtu wa leo.

"Sasa geuza," alisema Shangazi.

Sikuwa na haja ya kugeuza. Nilijua kilichokuwa nyuma.

"Arobaini," alisema. "Nimezihesabu. Ya mwisho imekaa vizuri mno. Umeiweka kwenye nini?"

Nilimweleza. Wito, muhuri, siku tatu, malazi. Nilitegemea kofi. Nililitamani, hata.

Shangazi akacheka.

Hapo nikajua tumekwisha.

Jioni hiyo na Jumatano asubuhi tulipiga simu ya Daktari mpaka kidole kikauma. Imezimwa. Tukapiga hospitali, akapokea katibu wake.

"Kasafiri na basi la kwanza," alisema kwa uchangamfu. "Kaitwa machimbo. Alivyofurahi! Kavaa na tai. Kasema kule waraka mpya wa posho haujafika, na ya kwenu itangoja."

Alhamisi kaka aliletwa kizimbani amevaa shati lililonyooshwa. Alinikonyeza. Nilitazama viatu vyangu. Shangazi alikuwa kwenye meza yake ya karani chini ya hakimu, amekaa wima kama msumari.

"Daktari yuko wapi?" aliuliza hakimu.

Mwendesha mashtaka alitazama saa yake.

"Nilisema ni mara ya mwisho. Sikusema?"

"Ulisema, mheshimiwa," alijibu mwendesha mashtaka.

Hakimu akashika kalamu. Kaka akaniangalia, safari hii bila kukonyeza, na midomo yake ikaanza kutetemeka pembeni. Nilijua kinachokuja. Angecheka, na kicheko hicho kingempeleka gereza kuu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

Daktari Kesho aliingia. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tai ilikuwa begani. Suruali yake ilikuwa imekauka baada ya kulowa, ikajikunja kama bomba la jiko. Nakiri tena, wapendwa: katikati ya hofu yangu yote, furaha ilinipitia kama maji baridi. Alikuwa amesubiri. Ilionekana wazi alikuwa amesubiri sana.

"Samahani, mheshimiwa. Nimerudi kwa lori la mawe." Akapandisha hati juu. "Ripoti ninayo. Lakini kabla ya ripoti, nina hili. Niliitwa kwenye mahakama isiyo na paa, isiyo na hakimu, isiyo na kesi. Mtu ameghushi wito wa mahakama."

Hakimu aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga.

"Nani alikuletea?"

Daktari aligeuka. Macho yake yalipita safu ya kwanza, ya pili, yakatua juu yangu. Yakakaa hapo. Nilihesabu mapigo sita ya moyo.

"Simfahamu," alisema. "Nilikuwa na kazi nyingi, sikumwangalia usoni."

Niligeuka nyuma, nikadhani anamtazama mtu mwingine.

"Muhuri wa machimbo unatunzwa na nani?" aliuliza hakimu.

Nilianza kuinuka. Naapa nilianza. Lakini Shangazi alinitangulia, na kiti chake kikapiga kelele sakafuni.

"Na mimi, mheshimiwa. Ni mimi niliyefanya."

"Wewe? Miaka ishirini na mbili masjala?"

"Mimi."

Hakimu alivua miwani. Aliamuru Shangazi akabidhi ofisi kabla ya saa kumi na arudi Jumatatu kujieleza. Ripoti ya Daktari ataipokea Jumatatu hiyo hiyo, maana leo hataki kusikia tena karatasi yoyote. Na Jumatatu ikipita bila ripoti, mshtakiwa aende gereza kuu.

Watu walipotoka, mtu alinigusa bega kwenye ukumbi. Nilisikia mnanaa kabla sijageuka.

"Binti mwenye kicheko."

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Unajua nililala wapi jana? Juu ya benchi. Mvua ikaninyeshea. Mlinzi nikimuuliza hakimu anakuja lini, ananiambia kesho."

"Pole."

"Usiseme pole huku unacheka."

"Naogopa, Daktari."

"Najua. Nimeliandika kwenye ripoti ya kaka yako." Aligonga mkoba wake. "Humu mna ripoti mbili. Moja inasema kicheko chake ni woga tu, yuko timamu. Nyingine niliiandika jana usiku, inasema ni dalili ya ugonjwa mzito, awekwe chini ya uangalizi miaka mitatu. Zote mbili zinangoja sahihi yangu. Ya kwangu mimi, siyo ya kwako."

"Unajua ni ipi ya kweli!"

"Punguza sauti. Wewe ni hodari wa karatasi za mahakama. Niletee zile fomu zangu saba. Zote. Kesho saa nne, ofisini kwangu, peke yako."

"Za nini? Si ulikwishalipwa?"

"Kesho," alisema, na kunitia pipi kiganjani kama mtoto aliyechanjwa bila kulia.

Niliibamiza ile pipi ukutani, lakini alikuwa amekwishaondoka.

Saa tisa nilikuwa masjala, nikimsaidia Shangazi kufungasha vitu vyake: kikombe, kanga ya kiti, miwani ya akiba. Alipoitwa kwa msajili kusaini makabidhiano, nilirukia lile faili jembamba.

Kwa nini mtu azitake fomu alizokwishalipwa? Ila kama kuna kitu ndani yake. Na wanaobadilisha malipo huja pia kukagua ya nyuma.

Safari hii nilisoma tarehe.

Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tano, sawa. Ya sita niliisoma mara mbili, kisha nikaangalia sketi yangu. Mistari mitatu ya kijani.

Fomu ya sita ilikuwa ya siku ile niliyofukuzwa shule. Siku mahakama ilipokuwa inapakwa rangi. Daktari Kesho alilipwa kwa kusimama mbele ya hakimu ambaye hakuwepo, kwenye kesi ambayo haikuitwa.

Nilikuwa nimempata! Sikuhitaji muhuri wa machimbo, sikuhitaji basi wala benchi. Karatasi moja, na ningemwona kizimbani yeye, naye aulizwe kama ni kweli au si kweli, na mimi nikae safu ya mbele nile pipi zake za mnanaa moja baada ya nyingine.

Nikateremsha macho mpaka chini ya fomu. Kuna nafasi ya karani anayethibitisha kwamba shahidi alifika.

Palikuwa na sahihi ya Shangazi.

Niliiangalia kwa jicho la kitaalamu. Niliitafuta mitetemo, niliutafuta wino uliositasita. Haikuwa ya kughushi. Za kughushi nazijua.

"Ya sita, siyo?"

Shangazi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Shangazi, niambie alikulazimisha."

"Hakunilazimisha."

"Niambie hukusoma."

"Nilisoma." Aliingia, akafunga mlango nyuma yake. "Aliweka nusu ya posho hapa mezani, taslimu. Nikasaini, akaondoka, nikatia pesa kwenye droo, nikafunga. Nikainua macho nikakuona dirishani, wewe na sanduku lako."

"Kwa nini?"

"Ada yako ya muhula ule unadhani ilitoka wapi? Walikuwa wanataka kukufukuza kwa kudaiwa. Kesho yake nikaenda kulipa, ndipo wakaniambia umekwishafukuzwa kwa jambo jingine. Lakini pesa walizipokea."

Mimi, Askofu, nilizikumbatia zile fomu kifuani.

"Alikuwa anamuuza kaka yako siku kwa siku," alisema Shangazi. "Na siku moja niliinunua mimi. Nipe hizo fomu."

"Uzifanye nini?"

"Nampelekea hakimu. Nimsindikize huyo mnene mpaka mlangoni mwa gereza, niingie naye."

"Na kaka? Daktari akikamatwa, nani atasaini ripoti Jumatatu?"

Shangazi alinyoosha mkono tu, kiganja juu.

Kisasi changu chote kilikuwa kifuani kwangu, karatasi saba. Daktari anazitaka kesho saa nne. Shangazi anazitaka sasa. Na nje ya mlango tukasikia viatu vya hakimu mwenyewe, vikija taratibu, vikasimama.

Akabisha hodi.

Tukatazamana, mimi na Shangazi, na wote wawili tukaanza kucheka.